Haibridi namba 4 chini ya mipaini: inautoa mpira au haiutoi?

Kamwene, ndugu zangu! Leo nipo Mufindi, ukungu haujaondoka, vidole vimekufa ganzi, na mkononi nina haibridi namba 4 ya mtumba, fimbo ya gofu yenye kichwa kinene kuliko cha chuma. Laki moja na ishirini. Urefu na uzito mnavijua, tusimalize bando.

Nataka muone kitu kimoja tu. Mpira huo hapo, umelala juu ya majani makavu ya paini, na mbele kuna tawi usawa wa kifua. Kulivunja sheria hairuhusu. Majani naweza kuyaondoa, ila mpira ukihama kwa sababu yangu, adhabu pigo moja. Nayaacha. Tazameni: mpira karibu na mguu wa nyuma, mikono mbele, nusu pigo... Tawi! Narudia. Tawi tena! Fimbo hii uzito wake umekaa chini na nyuma, imeundwa kuunyanyua mpira. Kwenye nyasi ndefu naipenda mno, inapita kama panga. Hapa inaniudhi.

Sasa chuma namba 4, fimbo ya kichwa chembamba, kikuukuu. Simama vilevile, mkono usiupandishe baada ya kupiga... Mmeona? Umepita chini, umetambaa hadi kwenye nyasi fupi. Subirini, nawarudishia polepole. Angalieni mikono!

Na kuna hili la viwanja vyenyewe. Pita shamba la miti la Sao Hill, mipaini imepogolewa, unaona hadi ng'ambo. Wenye shamba wanatafuta mbao zisizo na vifundo, lakini mcheza gofu akisimama kati ya miti kama hiyo ana uamuzi wa kufanya: nipenye kati ya mashina, au nitoke pembeni nipoteze pigo? Phil Mickelson, mcheza gofu wa Marekani, mwaka 2010 pale Augusta kwenye mashindano ya Masters, shimo la 13, alipenyeza chuma namba 6 kati ya mipaini miwili, akachukua ubingwa. Matawi yangefika chini, angethubutu? Mbunifu wa uwanja akiyaacha yaguse ardhi, unatafuta mpira dakika 3, hauonekani, unarudi ulikopigia na adhabu juu. Huo si mtihani, ni kunyimwa mchezo. Pogoeni jamani!

Haibridi siiuzi, msiniulize bei kwenye maoni. Mfuko unabeba fimbo 14, itakaa kwa ajili ya nyasi ndefu. Ila kama uwanja wako ni wa msitu na una hela ya fimbo moja, chukua chuma. Wiki ijayo nashika mpira uliolowa, jiungeni mapema. Ngoja nipige tena kabla mvua haijatukuta.