Harusi ya Mombasa: lenzi ya 24-70mm, au 35 na 85?

Kwa nikahi msikitini ninachukua lenzi ya kuvuta, 24-70mm ya f/2.8, bila kusita (namba ya f hupima tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga ni mwingi). Maneno ya kuozesha hupita upesi, na hakuna atakayeyarudia kwa ajili ya mpiga picha. Kwenye 24 unapata safu nzima ya wazee; ukizungusha hadi 70 unapata mikono iliyoshikana, nawe hujainuka ulipoketi.

Usiku wa kupamba ni habari nyingine. Ukumbi ni wa wanawake watupu, mpiga picha naye mwanamke, na taa za rangi hupendeza macho kuliko kamera. Hapo lenzi zisizovuta, 35mm na 85mm za f/1.4, zinaishinda 24-70 waziwazi: huingiza mwanga mara 4 ya ule wa f/2.8. Palipotaka ISO 6400 (ISO ni kiwango cha kamera kuukuza mwanga) utapiga kwa 1600, na hina ya bibi harusi itabaki na rangi yake badala ya kujaa chengachenga. Ila 85 ikifunguliwa yote, jicho huwa kali na vipuli vya dhahabu vikafifia, navyo ndivyo familia inataka kuviona! Funga tundu hadi f/2 au f/2.8.

Taabu ya lenzi hizi mbili ni kuzibadilisha. Ukitoka kwenye kiyoyozi kuingia joto la pwani, kioo hushika ukungu, na kufungua kamera wakati huo ni kukaribisha unyevu ndani. Heri kamera mbili. Mwenye moja anunue 24-70 kwanza, kisha 85 ya f/1.8, ambayo ni nyepesi na nafuu zaidi kuliko ya f/1.4.