Viza ya pamoja ya Afrika Mashariki inavyofanya kazi ukiwa upande wa Uganda

Katika huduma zote ambazo serikali za ukanda wetu zimewahi kuwaandalia watalii, sijui iliyo rahisi kueleza na ngumu kuuza kama viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki. Ilianza kutolewa mwanzoni mwa mwaka 2014, baada ya Kenya, Uganda na Rwanda kuamua kutangulia katika mambo ambayo Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiyajadili bila kuyamaliza. Masharti yake makuu ni yale yale tangu wakati huo: mgeni hulipa dola 100 za Marekani, hupewa siku 90, na ndani ya siku hizo huruhusiwa kuingia na kutoka katika nchi hizo tatu kadiri apendavyo. Kazi yangu hapa Kampala ni kuwapangia wageni safari, kwa hiyo ninaitathmini kama mtu anayepaswa kumweleza mteja, kabla hajatoa fedha, ikiwa itamfaa au haitamfaa.

Tuanze na bei, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila mgeni. Viza ya kawaida ya Uganda ya kuingia mara moja ni dola 50. Ya Rwanda ya siku 30 nayo ni dola 50. Kenya iliacha kudai viza Januari 2024 na badala yake ikaweka idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ambayo ada yake ya msingi ni dola 30. Kwa hesabu hiyo, anayezuru Uganda na Kenya pekee atalipa dola 80 hivi akizilipa nchi hizo kila moja kivyake, anayezuru Uganda na Rwanda atalipa 100, na ni yule tu anayezunguka nchi zote tatu, kwa dola 130, ambaye viza ya pamoja inamwachia akiba inayoonekana. Kuna kipindi kifupi ambapo jibu lilikuwa jepesi zaidi: mwaka 2015 Uganda ilipandisha viza yake hadi dola 100, na mgeni yeyote mwenye akili timamu alichukua ya pamoja kwa bei hiyo hiyo. Mwaka uliofuata ada ikarudishwa kuwa 50, jambo ambalo lilikuwa jema kwa sekta nzima, lakini likaiacha viza ya pamoja ikitegemea wageni wa safari ndefu peke yao. Kwa wageni hao, hata hivyo, thamani yake haiko katika akiba ya dola 30 bali katika uhuru wa kwenda Kigali leo na kurudi Kabale keshokutwa bila kujaza fomu nyingine.

Masharti yana mitego yake, na wengi hunaswa kwa sababu hawakuambiwa mapema. Viza huombwa katika nchi ambayo mgeni ataingia kwanza, na ni nchi hiyo hiyo inayoitoa. Aliyeiomba Uganda halafu akaanza safari yake kwa kuvinjari Nairobi amejiharibia mwenyewe. Haiongezwi muda zikiisha siku 90. Inakufa mara mgeni anapotoka nje ya nchi tatu, hata kama ametumia wiki mbili tu za muda wake. Wala haimwondolei wajibu wa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Uganda hukidai kwa wageni wanaoingia. Kwa upande wa Kenya, mwenye viza ya pamoja iliyotolewa na Uganda au Rwanda hahitaji kuomba tena ile idhini ya kielektroniki, lakini si kila mhudumu wa uwanja wa ndege anayelijua hilo. Mgeni wetu mmoja alizuiliwa kwenye dawati la shirika la ndege ambalo sitalitaja, akadaiwa idhini asiyoihitaji, na aliruhusiwa kupanda ndege baada tu ya mabishano marefu. Tangu hapo kila mteja wangu husafiri na nakala iliyochapishwa ya masharti hayo.

Faida kubwa ya viza hii kwa Uganda, kwa maoni yangu, iko katika pembe moja ya nchi: kusini-magharibi, kuanzia Kabale hadi Kisoro. Anayetua Entebbe akitaka kuwaona gorila wa milimani anakabiliwa na safari ya barabara ya mchana mzima, na mara nyingi hulazimika kulala njiani Mbarara au kando ya Ziwa Mburo. Anayetua Kigali hupitia Musanze, huvuka mpaka wa Cyanika, na baada ya saa chache yuko Kisoro akitazama milima ya Muhabura na Mgahinga. Kwa ramani, basi, lango la karibu zaidi la Msitu wa Bwindi usiopenyeka, wanamoishi gorila hao, liko katika nchi ya jirani. Kabla ya mwaka 2014 jambo hilo lilimaanisha viza mbili na mashaka mengi. Sasa linamaanisha mhuri tu.

Ongeza hapo suala la bei ya vibali. Rwanda ilipandisha kibali cha kuwaona gorila hadi dola 1,500 mwezi Mei 2017. Uganda hutoza dola 800 kwa mgeni asiye mkazi tangu Julai 2024. Tofauti ya dola 700 inatosha kulipia gari, dereva na malazi ya siku kadhaa katika hoteli isiyo ya kifahari, ndiyo maana wageni wengi wanaotua Kigali huishia kupanda vilima vya Rushaga au Nkuringo, upande wa kusini wa Bwindi. Katika kila kibali kinachouzwa Uganda, dola 10 hutengwa kwa ajili ya jamii zinazoishi jirani na hifadhi, pamoja na asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini. Ukijumlisha wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni, wanawake wanaouza vikapu, wakulima wanaoziuzia loji viazi na mboga, utaona kwamba mgeni mmoja aliyevuka Cyanika asubuhi ameshaacha fedha mikononi mwa watu wengi kabla hajamwona gorila yeyote. Hata hivyo, tusijidanganye: tiketi ya ndege, usiku wa kwanza na wa mwisho, na mara nyingi kampuni ya usafiri yenyewe, hubaki Kigali. Uganda inapokea sehemu ya katikati ya safari. Ni sehemu nono, lakini ni ya katikati.

Wapo pia waliolipa gharama ya utalii huu bila kuuliziwa. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, Watwa walitolewa katika misitu waliyoishi tangu mababu, na leo wengi wao hushiriki katika uchumi wa wageni kwa kucheza ngoma na kuonyesha maisha waliyokatazwa kuyaishi. Mgeni akiniuliza, humwambia hivyo hivyo.

Udhaifu mkubwa kuliko yote uliofichuliwa na historia fupi ya viza hii ni kwamba haina nguvu kuliko uhusiano wa serikali zilizoitia saini. Mwishoni mwa Februari 2019 kivuko cha Gatuna, kilicho katika barabara kuu kati ya Kampala na Kigali, kilifungwa, na hakikufunguliwa tena hadi tarehe 31 Januari 2022. Katikati ya muda huo janga la korona nalo likapita. Viza iliendelea kuwapo kwenye karatasi, lakini ni nani atakayempangia mgeni mzee safari ya mabasi na magari kupitia mpaka ambao hali yake hubadilika kwa matamko ya viongozi? Kabale, mji ulio jirani na kivuko hicho, iliumia. Wenye hoteli wa huko walijifunza kwamba biashara yao hutegemea mambo yanayoamuliwa mbali sana na dawati lao la mapokezi.

Tatizo jingine ni kwamba kile kinachouzwa kupitia mlango huu kina kikomo. Familia moja ya gorila waliozoeshwa watu hutembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, kwa muda wa saa moja, na kanuni hiyo ipo kwa sababu njema: wanyama hao huambukizwa maradhi yetu kwa urahisi. Huwezi kuongeza vibali kama unavyoongeza viti katika ukumbi. Ikiwa utalii wa kikanda utachangia ukuaji wa uchumi wa Uganda zaidi ya hapo ulipo, mgeni lazima apewe sababu ya kupita njia nyingine: Jinja kwenye Nile, maporomoko ya Sipi huko Kapchorwa, Kidepo kaskazini kabisa.

Chukua Mlima Elgon. Umekaa juu ya mpaka wa Uganda na Kenya, kilele chake cha Wagagai chenye mita 4,321 kiko upande wetu, na kuna hifadhi ya taifa kila upande. Pangekuwapo mahali pa kuthibitisha kwamba viza moja inaweza kuzaa safari moja, pangekuwa hapa: mgeni apande kutoka Kenya, alale kileleni, ateremkie Sipi, anywe kahawa ya Bugisu mahali inapolimwa, kisha aendelee hadi Jinja. Kwa pasipoti yake, hana kizuizi. Lakini viza ya pamoja haikuja na tiketi ya pamoja ya hifadhi. Mamlaka za pande mbili zina ada zake, askari wake na taratibu zake, kwa hiyo safari kama hiyo hudai maandalizi ambayo mgeni wa kawaida hatayafanya peke yake. Gari nalo lina mpaka wake: bila kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambuliwa nje ya mipaka ya nchi lilikosajiliwa, na nyaraka za kuliingiza nchi nyingine, dereva husimama hapo na mgeni huendelea na gari jingine. Viza ilifungua mlango wa watu, na ikaacha milango ya magari, waongozaji na tiketi vilevile ilivyokuwa.

Kuhusu matangazo nitasema kwa kifupi, maana hakuna mengi ya kusifia. Uganda ilizindua nembo yake mpya ya utalii Januari 2022, ikijiita Lulu ya Afrika kama ilivyozoea. Rwanda iliweka jina lake kwenye mikono ya jezi za Arsenal mwaka 2018, na ikafahamika hata kwa watu ambao hawajawahi kufungua ramani ya Afrika. Kenya ina jina lililojengwa kwa miongo mingi. Kila nchi inajitangaza yenyewe kwa bidii, na hilo ni haki yake, lakini bidhaa inayoziunganisha haina mwenye kuisemea sokoni. Mgawanyo wa ada unaweza kuwa sehemu ya sababu: kwa mpango uliokubaliwa mwanzoni, kila nchi hupata dola 30 na ile iliyotoa viza huongezewa 10 za gharama. Afisa anayehesabu mapato ya nchi yake ataona kwamba viza ya kawaida ya dola 50 inaingia yote katika hazina yake, na hatakuwa na haraka ya kumshauri mgeni achukue nyingine.

Kuna kundi ambalo viza hii haiwagusi kabisa, nalo ndilo kubwa zaidi. Wageni wengi wanaoingia Uganda hutoka Afrika, hasa nchi za jirani kama Kenya na Rwanda, nao hawahitaji viza. Tangu 2014 raia wa nchi tatu huvuka mipaka hiyo kwa kitambulisho cha taifa. Mwishoni mwa 2021 Sekretarieti ya Jumuiya ilianzisha kampeni iitwayo Tembea Nyumbani kuwahimiza Waafrika Mashariki wazuru nchi zao. Wazo lilikuwa sahihi, na bei zinalisaidia: raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda kumwona gorila, kiasi ambacho ni sehemu ndogo ya kile anachotozwa Mzungu. Lakini mwalimu wa Kisumu au mfanyabiashara wa Bukoba anayetaka kuitumia fursa hiyo hakuti kifurushi kilichokamilika chenye basi la uhakika, malazi ya bei yake na mwongozaji anayezungumza Kiswahili. Anakuta loji zilizotangaza bei kwa dola. Kampuni zetu, yangu ikiwamo, zimezoea kumsubiri mgeni wa ndege.

Kwa anayetaka ushauri wa moja kwa moja: naipa viza hii nyota tatu kati ya tano. Ichukue ukikusudia nchi zote tatu, au ukitua Kigali na kuvuka mpaka zaidi ya mara moja kuja Bwindi, na iombe kupitia mfumo wa Rwanda ikiwa Kigali ndiko utakakoanzia. Iache ukija Uganda peke yake, au Uganda na Kenya. Mpakani, kabla hujaondoka dirishani, soma idadi ya siku zilizoandikwa kwenye mhuri, kwa sababu maafisa huandika 30 kwa mazoea, na kusahihisha hapo hapo huchukua dakika moja ilhali kusahihisha Kampala huchukua siku nzima. Na ukitamani kumalizia Serengeti au Zanzibar, iweke Tanzania mwisho wa safari yako, kwa kuwa haimo katika mpango huu na ukishaingia huko viza yako ya pamoja imekwisha.