Uzoefu wangu na wakili wa kuhaulisha nyumba Unguja: kazi inayoanza bei ikishakubaliwa

Nilichotumia ni huduma ya watu watatu: wakili wa mjini wa kuhaulisha, yaani kuhamisha umiliki, mpimaji aliyeletwa na wakili, na fundi niliyemtafuta mwenyewe, kwa nyumba ya vyumba vitatu upande wa Fuoni. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeangukia kwenye mirathi, nitaieleza ikifika zamu yake. Anayenunua mara ya kwanza hudhani wakishapeana mikono juu ya bei, shughuli imekwisha. Kumbe hapo ndipo pesa zake zinapoanza kuwa hatarini, maana muuzaji anazitaka leo, na karatasi zinakuja kwa wiki kadhaa, pengine miezi.

Sehemu iliyonipendeza zaidi ni arubuni, yaani malipo ya awali ya kushikilia nyumba. Dalali atakwambia "weka chochote, mwenzio anakuja jioni na fedha taslimu." Wakili mzuri haruhusu hata shilingi itoke kabla ya karatasi ya arubuni kuandikwa, na ndani yake lazima iwemo siku ya mwisho ya kukamilisha, pesa zinakaa kwa nani, na sababu zitakazofanya zirudi. Ukisaini neno "hairudi" peke yake, akitokea mrithi wa tatu asiyejulikana umeshaliwa. Sharti liandikwe wazi: hati isipothibitika kwa Mrajis wa Ardhi, au eneo likipungua, au idhini ya kuhaulisha ikikataliwa, arubuni inarudi yote. Pesa zenyewe zipite benki, zisihisabiwe barazani. Na dalali alipwe siku ya kusaini mauziano, si siku ya arubuni. Akishalipwa simu yake huwa nzito kupokelewa.

Wengi husimama kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, wakaona wamemaliza. Sheha anawajua watu wa shehia yake na ushahidi wake una maana, lakini muhuri wake si umiliki. Kisheria ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Unachonunua ni nyumba pamoja na haki ya kuitumia ardhi iliyo chini yake, haki inayosimamiwa na Sheria Na. 12 ya 1992. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni moja: haki hiyo uliipataje? Akitoa hati iliyosajiliwa, kheri. Akitoa karatasi ya mauziano ya mkono kwa mkono, dai na ile ya aliyemuuzia yeye, na ya kabla yake. Akisema "hii ilikuwa eka ya mzee," simama hapo hapo. Eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa kwa kilimo, hazikutolewa zikatwe viwanja, na nyumba nyingi za pembezoni mwa mji zimesimama juu ya eka zilizokatwa kienyeji. Hapo msururu wa karatasi huwa mrefu na mara nyingine haufiki popote.

Utafutaji kwa Mrajis wa Ardhi, chini ya Kamisheni ya Ardhi, unatazama vitu vitatu: jina lililoandikwa, kama hati imewekwa rehani, na kama kuna zuio la mahakama. Usikubali kuoneshwa kivuli cha hati. Kuna watu hati yao halisi imelala benki na wao wanatembea na kivuli kizuri chenye rangi.

Mpimaji alistahiki kila senti. Karatasi ilisema mita 15 kwa 30, yaani mita za mraba 450. Bikoni (alama za mpaka) mbili za nyuma zilikuwepo, moja ya mbele ilikuwa imefukiwa chini ya ukuta wa jirani. Upana halisi ulitoka mita 13.8, eneo likawa 414. Mita 36 za mraba ni chumba cha sita kwa sita. Mara nyingi jirani hakuiba. Alijenga ukuta kabla ya bikoni kuwekwa, akafuata mnazi au njia ya ng'ombe kuwa ndio mpaka. Lakini mauziano yakishasainiwa kwa 450, ugomvi huo ni wako. Ama bei ipungue, ama jirani asaini ramani mpya kabla ya malipo ya pili.

Sasa mirathi. Nyumba ikiwa ya marehemu, aliyeshika funguo si lazima awe mwenye kuuza. Chukua mfano wa kawaida: mjane mmoja, watoto wa kiume wawili, wa kike watatu. Mjane ana thumuni kwa kuwa kuna watoto, na kilichobaki mwanamume huchukua mafungu mawili ya mwanamke. Mahesabu yanatoka sawasawa: mjane moja ya nane, kila mwana wa kiume mbili za nane, kila binti moja ya nane. Kwa nyumba ya milioni 80, binti aliyeolewa Wete ambaye hakuulizwa ana milioni 10 ndani ya ukuta huo, na kaka yake mkubwa hana mamlaka ya kuziuza. Wote sita wasaini. Aliye Maskati au Dubai alete hati ya uwakala iliyothibitishwa, yenye kutaja nyumba hii kwa namba yake; ujumbe wa sauti wa "mie sina tatizo" haumfungi mtu. Akiwepo mrithi mdogo, fungu lake halitoki bila utaratibu wa kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hapa ndipo wakili alipokosa nyota: aliridhika na orodha ya warithi aliyoandika muuzaji mwenyewe. Orodha itoke penye mamlaka, pamoja na cheti cha kifo, si mdomoni mwa anayesubiri pesa. Kasoro hiyo peke yake ilirudisha kazi nyuma wiki saba.

Uhaulishaji wenyewe unapita Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, kwa Sheria Na. 8 ya 1994, na idhini inatakiwa kabla umiliki haujahamishwa. Kwa hiyo panga malipo yafuate hatua: arubuni, sehemu kubwa baada ya idhini, na kama asilimia kumi ibaki mpaka makabidhiano. Kuhusu kodi, ushuru wa stempu na ada za ardhi ni mambo ya Zanzibar, ilhali kodi ya mapato kwa faida ya muuzaji ni ya Muungano na huenda TRA. Mkataba utaje nani analipa ipi, maana "tutaelewana" huishia kwa mnunuzi. Mtashauriwa pia muandike bei ndogo kupunguza stempu. Mbali na kuwa ni kosa, siku mauziano yakivunjika, unachoweza kudai kwa urahisi ni kile kilichoandikwa.

Kama unanunua kwa benki, benki itatuma mthamini wake, na haiangalii mlikubaliana nini. Mkikubaliana milioni 80, mthamini akasema 72, benki inahisabu kutoka 72. Hizo nane juu ni zako mfukoni. Katika murabaha benki hununua kisha ikakuuzia kwa bei na faida iliyojulikana tangu mwanzo, kwa hiyo usimlipe muuzaji sehemu kubwa mwenyewe kabla hujaiuliza benki, utavuruga mpangilio wa mkataba.

Fundi apelekwe ndani ya muda wa arubuni, ikiwezekana wakati wa masika. Agonge plasta kwa sarafu nusu mita kutoka sakafuni: ikilia tupu na unga mweupe ukibaki kidoleni, ni chumvi. Mchanga wa pwani ulitumika, au unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Rangi mpya iliyopakwa futi tatu za chini tu ni ishara ya kutosha. Aangalie chini ya zege la juu: mistari ya kutu na vipande vinavyobanduka maana yake nondo zinavimba, na kazi hiyo haitibiki kwa rangi. Karo, yaani shimo la maji machafu, lifunuliwe. Kwenye mawe ya matumbawe maji machafu hupita kwenye nyufa haraka, kwa hiyo karo lisilojaa kamwe si sifa njema kama kisima kiko hatua chache.

Kwa Mji Mkongwe mambo yanaongezeka: duka la chini na ghorofa ya juu huenda yana wenyewe tofauti, matengenezo yanataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, na nyumba ya wakfu haiuziki hata wakubali watu mia.

Siku ya funguo, hakikisha hamna mpangaji aliyelipa miezi sita mbele. Kama yumo, kodi yake ikatwe kwenye bei au atolewe kwanza. Chukua risiti ya mwisho ya maji kutoka ZAWA, mamlaka ya maji. Mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, iangalieni pamoja, deni la zamani lisafishwe ZECO, shirika la umeme, na namba yake ipigwe picha mkiwa bado mmesimama mlangoni, ile asilimia kumi haijatoka.