TIC-80: Nimeusokomeza mpira wa Amiga kwenye meseji mbili

Jumamosi iliyopita nilimtumia mdogo wangu aliyeko Arusha katuni ya mpira unaodunda. WhatsApp haikuhusika, bando lilishaisha. Nilitumia meseji ya kawaida, ile ile ya "umefika salama?", na ikahesabiwa meseji mbili tu. Akaandika maneno yale kwenye kompyuta yake kule Sakina, mpira ukadunda. Programu iliyowezesha hayo inaitwa TIC-80. Nimekaa nayo wiki tatu hapa kwenye steshenari yangu jirani na soko la Mbuyuni, Moshi, kwa hiyo nina haki ya kuisema.

TIC-80 ni kompyuta ya kufikirika inayoishi ndani ya kompyuta yako. Skrini yake ina pikseli 240 kwa 136 na rangi 16, basi. Humo humo unaandika programu, unachora, unatunga na muziki. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na ukishaishusha haikuombi intaneti tena. Sisi tunaonunua bando la siku tunajua uzito wa jambo hilo. Mashine yangu ina RAM ya GB 2, betri ilishakufa, na kazi yake ya kila siku ni kuprinti CV na barua za maombi ya kazi. TIC-80 ilifunguka kabla sijamaliza kumrudishia mteja chenji.

Nilichotaka kutengeneza ni ule mpira wa drafti nyekundu na nyeupe. Januari 1984, kwenye CES, maonyesho ya vifaa vya elektroniki huko Las Vegas, waandishi wa programu Dale Luck na RJ Mical waliuonyesha kwenye kompyuta ya Amiga ambayo bado ilikuwa ya majaribio. Sokoni iliingia 1985. Wakongwe wa demosini, wale wanaotunga maonyesho ya picha na muziki kwa programu ndogo ndogo, watanikatiza kwamba mpira huo umewatangulia. Sawa, basi ni babu yao. Wao walianza kama vijana wa Ulaya waliovunja kufuli za magemu na kubandika tangazo lao mwanzoni, mahali palipobana kweli kweli: sehemu ya kuwashia ya disketi ya Amiga ina baiti 1,024 tu. Baadaye tangazo likanoga kuliko gemu lenyewe. Siku hizi wanashindana kwa ukubwa wa faili, KB 64, KB 4, mpaka baiti 256, na mwaka 2020 Ufini iliuingiza ufundi huu kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni.

Mimi nikajipa baiti 256. Kila herufi, kila nafasi, baiti moja.

Mpira wa asili una ujanja ambao ulinikosesha usingizi nilipouelewa. Ile Amiga haikuwa ikiuchora upya kila unapozunguka. Iliuchora mara moja, kisha ikazihamisha rangi tu. Ni kama taa za Krismasi zinazoning'inizwa madukani hapa mjini Desemba, Wachagga wakianza kurudi nyumbani: unaona mwanga unakimbia, kumbe kila taa imekaa palepale inasubiri zamu yake. Nami nilijaribu kuhamisha rangi hivyo, herufi hazikunitosha. Nikaenda kwa nguvu: mpira wangu unachorwa nukta kwa nukta, kama nukta 3,800, mara 60 kwa sekunde. Mashine ya CV ikaubeba.

Nilianza na herufi 267. Kwanza nikafuta m.sqrt ya kutafuta kipeuo cha pili nikaweka ^.5, tatu zikaondoka. Kudunda nilikuwa nimekufanyia hesabu ndefu ya sine, ile ya pembe za trigonometria, nikaibadilisha kuwa mraba wa namba, zikaondoka tano nyingine, na mpira ukaanza kudunda kama mpira badala ya kuelea kama puto. Yaani nilikuwa nalipa zaidi kwa kitu kibovu! Bahati nyingine sikuifanyia kazi: kwenye rangi za TIC-80, nyekundu ni namba 2 na nyeupe ni 12. Shufwa au witiri, zidisha kwa kumi, jumlisha mbili, drafti imekamilika. Mwisho nikapunguza kasi ya kujizungusha, nikaokoa nne. Ikawa hivi, herufi 255 ukihesabu na ile alama ya kuanza mstari mpya:

t=0 m=math
function TIC()t=t+.03 cls(13)for i=0,240,16 do line(i,0,i,136,1)line(0,i,240,i,1)end X=120+80*m.sin(t)Y=40+200*(t%1-.5)^2 circ(X+12,Y,35,14)for y=-34,34 do r=(1225-y*y)^.5 for x=-r,r do pix(X+x,Y+y,((m.asin(x/r)+t)//.4+y//12)%2*10+2)end end end

Kwenye meseji zikawa 257, kwa sababu alama ya ^ simu huihesabu mara mbili. Halafu simu yangu ikajifanya mwalimu wa Kiswahili: kila mwanzo wa mstari ikaweka herufi kubwa bila kuniuliza. Mdogo wangu akapiga, "Dada, inaleta maandishi mekundu." TIC-80 ilikuwa inalalamikia neno TIC wakati kosa liko kwenye F iliyotangulia. Dakika ishirini tukamsaka mchawi asiyekuwepo. Kosa la pili, T ya mstari wa kwanza, ililitaja kwa jina: t haina kitu. Ingekuwa wazi hivyo mara zote ningeipa nyota zote tano.

Nyota niliyoinyima ina sababu nyingine pia. Maandishi yake ni madogo, na mtu wa miaka arobaini na kitu kama mimi anaishia kuinamia kioo kama anachambua mchele. Maelekezo yote ni ya Kiingereza. Toleo la bure huhifadhi kazi kwa faili lake la .tic, ukitaka faili la maandishi ya kawaida unanunua toleo la PRO, au ujijengee mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, jambo ambalo mimi sijalithubutu. Na Ctrl+S ibonyeze kila dakika. Jumanne ya wiki ya kwanza umeme ulikatika saa mbili usiku, na kwa betri hii yangu jioni nzima ikaenda na maji. Hilo siwezi kuisingizia programu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kitu kidogo: pale chini ya ukurasa wa kuandikia pana hesabu ya herufi inayopanda na kushuka unavyoandika. Unafuta nafasi moja, namba inashuka, moyo unatulia. Nimewahi kumsubirisha mteja wa kopi kwa ajili ya namba hiyo, akaniuliza kama ni kamari.

Mpira wangu bado una upungufu. Wa asili umeinama kidogo kama tufe la darasani, wangu umesimama wima. Haulii unapogonga chini. Nimebakiwa na herufi moja, na kwa herufi moja hupati mlio.

Nyota nne. Anayeitaka na hana bando aje na flashi, namkopia bure pamoja na mpira wake. Kuprinti ndiyo kwa hela.