Globu za LED woti 9, miezi minne baadaye: soma hiyo namba ya K

Jamani mi nlikua najua globu ni globu, unaangalia woti, unalipa, unaondoka. Nkachukua tatu, kampuni moja, boksi zinafanana kama mapacha, mbili nkafunga sebuleni moja chumbani. Kuwasha jioni, upande mmoja wa ukuta wa njano kama umepakwa samli, upande wa pili mweupe mpaka unaelekea bluu, mtoto ananiuliza eti kwani huku ni hospitali?

Ndo kurudi kwenye boksi sasa. Pembeni, kimaandishi kama cha masharti ya mkopo, mbili zimeandikwa 2700K na moja 6500K. Kumbe hiyo K ni Kelvini, inakwambia rangi ya mwanga tu, mambo ya taa kuwa kali au kuchemka hayamo. Na inachanganya, maana namba ikipanda mwanga unazidi ubluu, ule tunaouita wa baridi, wakati wewe ukisikia namba kubwa unategemea moto. Mfikirie mhunzi, chuma kikianza kushika moto kinakua chekundu, akizidi kuvukuta kinaenda njano halafu cheupe, ndo mpangilio huohuo.

Ile 2700K ni mwanga wa globu za zamani za waya, chumbani nimeipenda mno, ila asubuhi kutenganisha soksi nyeusi na ya bluu iliyokoza ni bahati nasibu. 6500K nkaihamishia stoo, huko iko sawa kabisa hata sindano ikianguka unaiona, ila kitandani usijaribu, usingizi unakimbia. Jikoni nkanunua 4000K na hapo ndo pametulia, nyanya inaonekana nyanya.

Ukali wa taa angalia lumeni, hizi ni 806, sawa na ile ya waya ya woti 60. Halafu kuna kinamba cha tarakimu tatu, mfano 827 au 865, wengi tunakiruka: hiyo 8 inamaanisha CRI ni kuanzia 80, yaani rangi za vitu zinaonekana kwa uhalisia kiasi gani, ikianza na 9 ni bora zaidi, na mbili za mwisho ongezea sufuri mbili mwishoni unapata Kelvini, yaani 27 inakua 2700. Mi hata boksi sifungui siku hizi, nasoma hiyo tu.

Lawama yangu ni moja, kuna nyingine ya koridoni niliifunga ndani ya bakuli la kioo lililozibwa, imekufa mwezi wa pili tu tangu niifunge wakati boksi linajisifu masaa 15,000. Joto halina pa kutokea, linaunguza sakiti ya ndani. Na kweli wameandika isifungwe sehemu iliyozibwa, ila chini ya boksi, nani anageuza boksi la globu?

Nyota nne, ya tano wangeipata kama K ingeandikwa hata nusu ya ukubwa wa woti. Ile iliyokufa iko juu ya friji mpaka leo.