Kozi ya Caravan kwa rubani mwenye saa 200: lini inafaa kulipiwa

Rubani aliyetoka chuoni na leseni ya biashara, CPL, saa 200 za Cessna 172 na pengine saa chache za injini mbili, huuziwa vitu vitatu: kozi ya jeti kubwa, kozi ya ukufunzi wa urubani, na kozi ya Cessna 208 Caravan. Tunaipima hii ya tatu kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi zilizopo Afrika Mashariki. Safarilink pale uwanja wa Wilson, Nairobi, Auric Air na Coastal Aviation upande wa Tanzania, na marubani wa misheni pia, wote wanairusha ndege hii. Kozi yenyewe ni nzuri. Tatizo ni kwamba wengi huinunua kabla ya wakati, na wengine hulipia nzima wakapewa nusu.

Tuanze na kuwasha injini, maana hapo ndipo utamjua mkufunzi. Mwanafunzi amezoea injini ya pistoni: ikigoma, anajaribu tena. PT6A, injini ya turbini ya Caravan, haina huruma hiyo. Betri isipungue volti 24. Wenzo wa nguvu ya dharura uwe nyuma kabisa, mahali pake pa kawaida. Ukisahaulika mbele, mafuta yatamiminika kupita kiasi. Washa stata, ngoja Ng, yaani kasi ya mzunguko wa sehemu ya injini inayosukuma hewa, ifike angalau asilimia 12, ndipo ufungue mafuta, na macho yasibanduke kwenye geji ya joto la ndani ya injini, ITT. Stata huzimwa Ng ikivuka asilimia 52. Kwa PT6A-114A, kikomo cha joto wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 za Selsiasi, tena kwa sekunde 2 tu. Betri ikiwa dhaifu, au upepo ukiingia kwa nyuma, hewa inayopita ndani ya injini hupungua huku mafuta yakiwaka, na joto hupanda ghafla. Hapo unafunga mafuta mara moja na kuiacha stata iendelee kuzungusha ili kupooza. Stata nayo ina mipaka yake: sekunde 30, pumzisha 60, 30 tena, pumzisha 60, 30 ya tatu, kisha dakika 30 za kupoa.

Kozi inayomwachia mkufunzi kazi hii huku mwanafunzi akitazama haifai kulipiwa. Dai kuiwasha mwenyewe mara zisizopungua kumi, ikiwemo injini iliyotoka kuzimwa ikiwa bado moto. Injini ikiungua, bili yake inaweza kuizidi ada ya mafunzo yako yote ya CPL, na ndiyo sababu rubani mkuu wa kampuni atakuuliza maswali haya kabla ya kukugusia mambo ya kuruka.

Jambo la pili ni viwanja. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 28, hewa yake ni nyepesi kama ya futi 8,400 hivi. Kozi iliyofanyika yote kwenye lami ndefu asubuhi yenye ubaridi haijakuandaa kwa viwanja vya mbugani kama Keekorok au Kogatende saa nane mchana. Uliza kama utatua kwenye murram. Huko utafundishwa kuweka kizuia vumbi cha injini kwenye nafasi ya kukwepesha uchafu, na kukumbuka kwamba kikiwa hivyo kinapunguza nguvu ya kurukia. Utafundishwa pia kutoirudisha propela nyuma kwa pupa mwendo ukiwa mdogo, kwa sababu mawe yatarushwa na kuzila pembe zake.

Kisha uzito. Grand Caravan 208B yenye injini ya nguvu za farasi 675 inaruhusiwa kuruka na pauni 8,750. Chukua ndege yenye uzito mtupu wa pauni 5,100. Jaza matangi: mafuta yanayotumika ni galoni 332, karibu pauni 2,224. Zinabaki 1,426. Weka marubani wawili wa pauni 180 kila mmoja, zinabaki 1,066. Abiria wa kilo 77 na begi lake la safari la kilo 15 ni pauni 203. Kwa hiyo ndege unayoiona na viti zaidi ya kumi, ikijazwa mafuta, inabeba watu watano. Kampuni hupunguza mafuta ili kubeba zaidi, na kazi ya kila siku ya rubani wa Caravan ni hesabu hiyo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini rubani mpya anahangaika kupata kiti. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Ukikaa kiti cha kulia unakula nafasi ya karibu abiria mmoja, na katika msimu wa watalii nafasi hiyo ni pesa. Kampuni inakuchukua kwa sababu bima, mteja au utaratibu wake wa uendeshaji unataka marubani wawili, au kwa sababu inalea kapteni wa kesho. Uliza ni ipi kati ya hizo, kwa kuwa saa zako zinategemea jibu. Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinasema hivi: kwenye ndege ya rubani mmoja ambayo nchi imetaka iwe na rubani msaidizi, saa za msaidizi zinahesabiwa si zaidi ya asilimia 50 kuelekea leseni ya juu; nchi inaweza kuzikubali zote iwapo ndege ina vifaa vya rubani wa pili na inaendeshwa kwa utaratibu wa marubani wengi. Pasipo sharti lolote la rubani wa pili, huenda unajaza kitabu chako cha saa kwa saa zitakazokataliwa siku ya kuomba ATPL, leseni ya juu ya rubani wa ndege za abiria, ambayo inataka saa 1,500. Pata jibu la mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA ya Kenya au TCAA ya Tanzania, kwa maandishi, na mapema.

Kuhusu malipo, gawanya ada kwa saa utakazoshika usukani mwenyewe kwenye ndege halisi. Saa za simyuleta ni muhimu, ila zihesabu kando. Saa za kukaa nyuma ukimtazama mwenzako usizihesabu kabisa. Omba kuona cheti cha idhini cha chuo na uhakikishe C208 imetajwa humo. Omba namba ya usajili wa ndege, na uthibitisho kwamba bima yake inamfunika mwanafunzi. Lipa kwa awamu. Caravan inayotumika kufundishia mara nyingi ndiyo hiyohiyo ya kukodisha, na msimu ukipamba moto mwanafunzi ndiye wa kwanza kusogezwa.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti ni kwamba hata ukiwa na C208 kwenye leseni, kampuni itakufundisha upya: taratibu zake, njia zake, safari za kusimamiwa na jaribio la mwisho. Kozi uliyonunua inawapunguzia sehemu tu ya gharama. Ukikaa miezi minane bila kurusha, hata sehemu hiyo inayeyuka. Kwa hiyo alama zetu: nyota nne kati ya tano ukiwa na barua ya kampuni inayokutaka ukishamaliza, nyota mbili ukiinunua kwa matumaini. Kwa asiye na barua, pesa hiyo inafanya kazi zaidi kwenye ukufunzi, ambao unakupa saa za urubani mkuu na mshahara, hata kama mdogo. Kozi ya jeti bila mkataba hatuipendekezi kabisa kwa mwenye saa 200.

Barua ya kuomba kazi ipeleke mkononi, Aprili au Mei, wakati wa masika, kambi nyingi zikiwa zimefungwa na wakufunzi wa makampuni wakiwa na nafasi. Julai nyumbu wakiwa njiani hakuna wa kukusikiliza. Wasifu uwe ukurasa mmoja: jumla ya saa, saa za urubani mkuu, usiku, kuruka kwa vyombo, injini mbili, turbini, tarehe ya mwisho ya cheti cha afya daraja la 1, kiwango cha Kiingereza, kwa kuwa cha 4 kinaisha baada ya miaka 3. Hesabu za kitabu cha saa zilingane na za wasifu hadi dakika. Ukipewa kwanza meza ya oparesheni, kupanga safari na kupima mizigo, ikubali. Ndiko utakakojifunza hesabu ya pauni 8,750 kabla hujaulizwa ukiwa angani.