Fonti ya mviringo niliyoipenda, na herufi mbili ilizoninyima

Sijawahi kulipia fonti kwa moyo mkunjufu kama nilivyolipia hii. Herufi zake ni nene, ncha zake ni za mviringo, zimejaa kama maandazi yaliyoumuka vizuri, na nilipoiona tu nilijua kwamba ndiyo ingefaa chati za ukutani nilizoagizwa na chekechea moja ya Kahawa West: picha kubwa, na chini yake neno kwa Kiswahili na kwa Kikuyu.

Upande wa Kiswahili haukunisumbua. Taabu ilianzia kwenye mbuzi. Kwa Kikuyu mbuzi ni mbũri, na lugha hiyo yenye irabu saba haiandikiki sawasawa bila ĩ na ũ, kwa kuwa kile kiwimbi cha juu si pambo bali ndicho kinachomwonyesha mtoto sauti ya kutamka. Fonti yangu haikuwa na herufi hizo mbili. Wala nafasi haikubaki tupu ili nishtuke; programu iliazima kimyakimya ũ nyembamba kutoka fonti nyingine, nami kwa uchovu wa usiku sikuigundua. Niliiona kwa mchapaji wa River Road, Nairobi, chati zikiwa zimeshachapishwa zote, pale mwalimu mkuu aliponyoosha kidole na kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona hii moja imekonda hivi?"

Niliwaandikia wauzaji. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, mistari miwili isiyo na hata salamu: herufi hizo zinatumiwa na watu wachache mno, na leseni hainiruhusu kuziongeza mwenyewe ndani ya faili yao. Watu wachache! Sensa ya 2019 ilihesabu Wakikuyu zaidi ya milioni 8 na Wakamba zaidi ya milioni 4, na lugha zote mbili huandikwa kwa herufi hizo. Hata Kivietinamu kinazo. Ndiyo maana Baloo 2, fonti nene ya mviringo iliyochorwa na Ek Type wa India na kutolewa bila malipo kwa leseni huria, ina ĩ na ũ: imeandaliwa kuandika Kivietinamu pia. Nilirudia chati kwa fonti hiyo, kwa gharama yangu.

Hasira ilinifumbua macho nikaona na mengine. Ukiipunguza ile fonti niliyoinunua kwa maelezo madogo ya pakiti, matundu ya a na e huziba wino, hivyo haifai ila kwa kichwa cha habari na bango. Nilikuwa nimeazimia kuandika neno moja tu hapa: msiinunue.

Hata hivyo, siwezi kuandika hivyo kwa dhamiri safi. Katika chati za kwanza mwalimu aliokoa moja, ya ng'ombe, kwa sababu neno hilo ni lilelile katika lugha zote mbili na halihitaji kiwimbi. Nilipopita darasani majuzi niliwakuta watoto wawili wakizungusha vidole vyao kwenye ile o pana, mmoja akimwonyesha mwenzake pa kuanzia. Chati za Baloo 2 zilikuwa kwenye ukuta uohuo, safi na sahihi, na hakuna aliyezigusa. Kwa kazi ya Kiswahili pekee, inunueni. Mimi sitawapa wauzaji wake shilingi nyingine mpaka waichore ũ.